Mwenye Kapu la Fanksheni

Mpaka leo nikisikia mtu anamenya karanga karibu na kompyuta, mimi huhama meza. Mkufunzi alimenya kwa mkono mmoja, kwa kidole gumba, macho yakiwa kwenye skrini, na yale maganda mekundu yakiingia katikati ya vitufe. Kitufe kikikwama alikipuliza. Mate na unga wa karanga vikaruka, kisha akakusogezea kibodi na kusema, "Andika." Nawe unaandika, vidole vinateleza kwenye mafuta ya mtu mwingine.

Na ni huyo huyo aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Msimu wa mvua sisi wengine tulipanda ngazi na tope la mtaa wa Mji Mpya miguuni, yeye alifika na viatu vinang'aa, hatukujua amepita wapi. Kitasa cha mlango alikishika kwa leso. Nimejaribu mara nyingi kuelewa mtu anawezaje kuogopa uchafu wa kitasa halafu akaishi na ule wa kwenye kibodi, na nimeshindwa. Labda uchafu aliouogopa ni ule wa watu wengine tu.

Tulimwita Mkufunzi kwa sababu alitufundisha chuoni kabla hajafungua ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la magodoro, dirisha la nyuma likitazama milima ya Uluguru, ambayo siku nyingi huioni kwa wingu. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Shabani niliyesoma naye darasa moja. Tulitengeneza mifumo ya mtandao kwa ajili ya shule, maduka ya dawa za mifugo, jumuiya za maji na zahanati.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kidogo. Katika programu za mtandao kuna mambo yanayojirudia kila ukurasa: kusoma tarehe, kukokotoa umri wa mtu, kuiweka sawa namba ya simu aliyoiandika mteja kwa namna yake. Badala ya kuyaandika upya kila mahali, unaliandika kila jambo mara moja, unalipa jina, na popote unapolihitaji unaliita kwa jina hilo. Hiyo ndiyo fanksheni. Lugha za kuandikia programu huja na fanksheni zake nyingi, lakini nyingine lazima uzitunge mwenyewe, na ukishazitunga lazima ujue unazihifadhi wapi, kwa mpangilio gani, ipi ni ya kila mradi na ipi ni ya mradi mmoja tu. Kwa mtu wa nje hilo linaweza kuonekana jambo dogo, kama kupanga vyombo kabatini. Mkufunzi aliligeuza dini.

Hakuna kilichomtia kinyaa kama kitu kilichoandikwa mara mbili. Chuoni, msichana mmoja aliwahi kuleta kazi yake yenye mistari ile ile ya kusoma tarehe katika kurasa tatu tofauti. Mkufunzi akaichapisha kwenye karatasi, akamwita mbele na kumwambia asome kwa sauti. Akamaliza. "Tena," akaambiwa. Akasoma tena. "Tena." Mara ya tatu alikuwa analia, na darasa zima linatazama madawati.

"Umesikia inavyochosha?" Mkufunzi akamuuliza. "Basi kompyuta haina mdomo wa kulalamika, mimi ninao."

Nilimchukia siku ile. Wiki hiyo hiyo nikamkuta ameketi na msichana yule yule kwenye kivuli cha ukumbi, saa ya chakula, hajala, anamchorea kwa kijiti mchangani jinsi ukurasa mmoja unavyoita fanksheni iliyo katika faili jingine. Alimweleza polepole, kwa sauti ambayo darasani hatukuwahi kuisikia. Msichana alicheka. Akafaulu, na nasikia sasa ana kampuni yake Dodoma. Ningependa mtu huyu awe mbaya moja kwa moja, ingenirahisishia. Hakuwa.

Alitufundisha vizuri. Lazima niseme hilo, hata kama linanikwama. Alikataa majina ya ovyo na majina ya Kizungu. Alisema fanksheni inafanya kitu, kwa hiyo jina lake lianze na kitenzi, na mtu akilisoma ajue kitakachotokea: safisha_namba, panga_tarehe, kokotoa_umri. Alisema fanksheni ipokee inachopewa, irudishe jibu, na isiguse kitu kingine chochote ndani ya nyumba. "Mgeni mwenye adabu," alikuwa anasema, "haingii chumbani kwa mwenyeji." Alisema fanksheni ya shule ikae na mambo ya shule, ya duka ikae dukani, na zile tu zisizojua ziko kwa nani ndizo ziwekwe mahali pa wote. Ubaoni aliyachora hayo kwa chaki za rangi. Ilikuwa inapendeza kutazama.

Ofisini ndipo nilipoliona Kapu.

Kapu lilikuwa faili moja. Ndani yake alikuwa ametupa kila fanksheni aliyowahi kutunga tangu aanze kazi, bila mpangilio wowote: za tarehe juu ya za picha, za risiti katikati ya za nywila, nyingine zimekufa hazitumiki, nyingine zinaitana zenyewe kwa zenyewe mpaka unapotea. Majina yaliyoanza kwa vitenzi yalikuwa machache. Mengi yalikuwa kazi7, kazi7b, kazi7_mpya, kazi7_mpya_kweli. Kila mradi ulipoanza alinakili Kapu zima na kulibandika humo. Kwa hiyo lilikuwepo Kapu la shule, Kapu la duka, Kapu la jumuiya ya maji, yote yametoka tumbo moja na kila moja limeanza kuoza kwa namna yake. Akirekebisha kosa katika moja, yale mengine yalibaki nalo. Mtu aliyemliza msichana kwa kurudia mistari michache alikuwa amerudia maisha yake yote ya kazi.

Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ananipima.

"Mkufunzi," nikasema, "hili tunaweza kuligawa. Za tarehe peke yake, za simu peke yake. Mimi na Shabani tunaweza kulifanya taratibu."

"Usiguse Kapu."

"Lakini darasani ulitufundisha..."

"Darasani mlikuwa wanafunzi." Akameza karanga. "Mteja akiweza kulisoma Kapu langu, ataniita tena wa nini?"

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayekuambia saa. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Wateja walipojaribu kutafuta fundi mwingine, fundi alifungua Kapu, akalifunga, akawaambia warudi kwa mwenyewe. Walirudi. Aliwapokea kwa upole mkubwa, akawaagizia soda.

Shabani ndiye aliyeumia kabla yangu. Alitunga fanksheni nzuri sana iliyogeuza tarehe kuwa maneno ya watu, ili mtu asome "Jumanne ijayo" badala ya tarakimu. Aliifanyia kazi kwa mapenzi, akaijaribu kwa mama yake. Baadaye akaikuta ndani ya Kapu, na juu yake imeandikwa kwamba imetungwa na Mkufunzi. Akamfuata.

"Kaka Mkufunzi, hii si ni ile yangu?"

"Ilikuwa yako. Imeingia Kapuni."

"Basi hata jina langu libaki."

"Wewe unataka jina kwenye fanksheni?" Mkufunzi akacheka, akanigeukia mimi ili nicheke naye. "Andika kitabu."

Shabani alikaa muda mfupi baada ya hapo, akaondoka kwenda kufundisha kompyuta sekondari. Fanksheni yake Mkufunzi aliionyesha kwa wateja wote, akiisifu kwa majina yangu na yake, kila jina isipokuwa la Shabani.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililoniondoa pale.

Shule mojawapo iliyokuwa mteja wetu ilitaka wazazi wapelekewe ujumbe kwenye simu. Ikatokea kwamba walimu, wakiandika ndugu wawili wanaofuatana, namba ya mzazi waliandika kwa mtoto wa kwanza tu, wa pili wakamwachia nafasi tupu. Mkufunzi akapata njia ya mkato. Ndani ya safisha_namba, fanksheni ya kuweka namba sawa, akaongeza mstari mmoja: ukikuta namba haipo, tumia ile ya mtu aliyetangulia. Shuleni ilifanya kazi. Ujumbe wa mtoto wa pili ulikwenda kwa mama yule yule.

Niliuona mstari huo nilipokuwa naandaa mfumo wa zahanati moja ya milimani, upande wa Matombo. Ulikuwa umekaa ndani ya Kapu kimya, katika fanksheni yenye jina safi kabisa, jina ambalo asingelishuku mtu. Nikamwita aje aone.

"Huu mstari ni wa shule," nikamwambia. "Zahanati haina ndugu wanaofuatana. Nautoa."

"Ukianza kuutoa huku, siku moja utautoa na kule, halafu shule watanipigia simu mimi. Acha. Zahanati kila mgonjwa ana namba."

"Na asiye nayo?"

"Siku hizi nani hana simu?" Akaichukua kompyuta kwenye mapaja yangu na kuupakia mfumo yeye mwenyewe, na funguo za kuingilia akazibadilisha.

Mama nitakayemwita Mwajuma, si jina lake, alikuwa na simu. Alikataa kuitoa namba. Kila Jumanne zahanati ile ilikuwa na kliniki ya watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na kijiji kizima kilijua Jumanne ni siku ya nani, hakikuhitaji kuambiwa ugonjwa. Mwajuma alikuwa anafika kwa njia ya shambani, na kapu la ndizi kichwani, kama mtu anayekwenda kuuza. Tarehe zake za kliniki alizihifadhi kichwani. Aliomba jambo moja tu: asiandikiwe ujumbe. Nesi akamwelewa, akaacha nafasi ya namba ikiwa tupu.

Aliyetangulia kwenye orodha alikuwa mama mwingine aliyeleta mtoto kupimwa uzito, na namba aliyoiacha ilikuwa ya mumewe, mchuuzi wa matunda soko la Mkuyuni. Ujumbe ukamfikia mchuuzi akiwa sokoni. Ulikuwa ujumbe mzuri, wenye adabu, na tarehe yake imegeuzwa kuwa maneno ya watu: Ndugu Mwajuma, unakumbushwa kufika kliniki Jumanne ijayo. Mchuuzi akausoma kwa sauti. Akauliza, huyu si mke wa fulani?

Mganga mfawidhi wa zahanati alishuka mwenyewe mpaka Morogoro. Aliingia ofisini suruali imelowa mpaka magotini, hakutaka kuketi. Alitusimulia kilichotokea kwa maneno machache. Vitu vya Mwajuma vilikuwa vimetolewa nje. Mashemeji walikuwa wamegawana hata masufuria.

"Nataka kujua ujumbe ule umetoka wapi," akasema. "Mimi nina kadi yake. Namba hakuna."

Mkufunzi alifuta mikono kwa leso. "Daktari, pole sana. Hawa wauguzi wako wanajua kuingiza taarifa? Mara nyingi matatizo yanaanzia hapo."

"Namba hakuna, nimekuambia."

"Basi kosa lilitokea wakati wa kufunga mfumo. Huyu binti ndiye aliyeuandaa." Akaninyooshea kidole bila kunitazama.

Nilifungua Kapu. Sikuwa na hasira bado, nilihisi kama niliyefunua chungu nikakuta mafunza. Nikautafuta mstari, nikaigeuza kompyuta mganga aone. "Ni hapa, daktari. Mtu asipokuwa na namba, inachukua ya aliyemtangulia. Nilitaka kuut..."

Mkufunzi akaufunga mfuniko wa kompyuta. Vidole vyangu vilikuwa ndani. Hakuubamiza, aliubana tu na kuushikilia, uso unatabasamu kwa mgeni. "Binti amechanganyikiwa," akasema. "Nitalishughulikia."

Nilivitoa vidole, nikachukua mkoba wangu na kutoka na mganga. Nikaenda naye hadi Matombo, sijui nilidhani nakwenda kufanya nini. Tulimkuta Mwajuma kwa jirani mmoja aliyempa chumba, anakunja khanga zake na kuziweka kwenye mfuko wa salfeti, ule wa kutilia nafaka. Mganga akanitambulisha kwamba ninatoka kwa watu wa mfumo. Nikamwambia pole. Aliendelea kukunja.

"Mimi namba sikutoa," akasema. "Nilikataa. Nesi shahidi. Nani aliwaambia mnitafutie?"

Nilianza kumweleza. Nilisema kulikuwa na shule, kulikuwa na watoto ndugu, na mstari uliowekwa kwa ajili yao. Nikajisikia ninavyosema.

"Watoto gani?" akauliza. "Mimi na watoto wa shule tumekutana wapi?"

Sijawahi kusikia mtu akiieleza kazi yangu vizuri kuliko hapo, naye hakuwa anaieleza, alikuwa anauliza kwa sababu hajui na ana haki ya kujibiwa. Nilimwambia, "Hamjakutana, mama. Ni sisi tuliowachanganya." Akaufunga mfuko wake kwa kamba ya mgomba. Kesho yake alikwenda Kisaki kwa mama yake mdogo. Mganga alimwandikia barua ya kuchukulia dawa huko, akawa anafuatilia kwa simu, safari hii kwa namba aliyompa yeye mwenyewe mkononi. Miezi ya kwanza Mwajuma alikatiza dawa, akaugua. Halafu akarudi kwenye dawa. Yu hai, analima ufuta. Kwa mumewe hakurudi.

Mkufunzi naye "alilishughulikia." Aliufuta ule mstari kwenye Kapu la zahanati, na kwenye ujumbe wa kuwaarifu zahanati akaandika kwamba ni maboresho ya kawaida. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuogopa, akaufuta na kwenye Kapu la shule, asiweke kitu mahali pake, na wazazi wenye watoto wawili wakaacha kupata ujumbe wa mtoto wa pili. Shabani ndiye aliyenipa habari hiyo, maana shule yenyewe ndiko alikofundisha. Nilikuwa nimeshaacha kazi. Nilicheka kwa namna ambayo haikunifurahisha. Zilihitajika fanksheni mbili tu, zenye majina mawili, kila moja nyumbani kwake: jambo alilotuchorea kwa chaki za rangi.

Kilichonitia kinyaa zaidi kilikuja baadaye, nilipoanza kufanya kazi mwenyewe. Nikitunga fanksheni, mkono wangu unaandika kitenzi kwanza. Nikiona jambo limeandikwa mara mbili, siwezi kuendelea kabla sijafuta moja. Mwanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo aliniletea kazi yake, na kabla sijafikiri nikajisikia nikisema, "Tena." Nilinyanyuka nikaenda kunawa uso. Kila ninachokijua vizuri kimetoka kwake, na siwezi kukitapika.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Mkuyuni, mwaka jana, mvua za masika. Zahanati ilikuwa imeniomba niutengeneze mfumo upya, nikawa napanda na mizigo yangu, gari likakwama kwenye tope na dereva akatuambia tusubiri trekta. Nikaingia kwenye mgahawa. Alikuwa ameketi karibu na mlango, amevaa buti za mpira, shati bado jeupe. Ameacha ofisi, ana shamba la mdalasini na pilipili manga huko juu. Amezeeka shingo.

Watu walikuwa wanatazama, nami nimelelewa kuamkia wakubwa. "Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, binti yangu!" Akawageukia waliokuwepo. "Huyu nimemfundisha mimi. Kila anachojua, mimi." Akanivutia kiti, akaagiza chai na chapati, akaanza kuniuliza habari za kazi kwa furaha ya kweli. Nikamwambia nakwenda zahanati. Nikasubiri uso ubadilike. Haukubadilika.

"Ile zahanati ya ule ujumbe," nikasema. Nikamtajia Mwajuma kwa jina lake la kweli, polepole.

Akakunja uso, anatafuta kichwani. "Nani huyo?"

Nikamweleza. Masufuria, khanga, Kisaki. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwa ajili ya heshima ya yule mama, na yeye alikuwa anakata chapati, anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua.

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Watu wa vijijini wana midomo. Mfumo unaweza kufanya nini na midomo ya watu?"

Chai ilinishinda. Nikaisogeza mbali. Nje trekta lilikuwa limefika na wanaume wanafunga mnyororo, dereva ananipungia mkono niende. Nikasimama.

"Subiri," Mkufunzi akasema. "Huo mfumo mpya. Umetumia Kapu langu?"

"Hapana."

"Umeliacha lote?"

"Lote."

"Hata panga_tarehe?"

Panga_tarehe ilikuwa fanksheni nzuri kuliko zote alizowahi kutunga, fupi, safi, haikukosea hata mara moja. Yangu ni ndefu zaidi na inachelewa. Alilijua hilo, nami nililijua.

"Hata panga_tarehe," nikamwambia. "Nimeandika upya kila kitu."

Akaweka chapati chini. Akageuzia uso mlangoni nisimwone, lakini nilimwona. Machozi yalimlengalenga. Alitoa leso, ile ya kitasa au nyingine, akajifuta, na kwa sauti iliyokatika akasema, "Ile ilinichukua mwaka mzima, binti yangu. Umeitupa tu? Haikukuuma?"